Sauti Ikigoma Kwenye Linux, Iulize Kerneli Kwanza

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Mbeya dawa yao ni moja: kitu kikigoma, piga window upya. Tabia hiyo tumehamia nayo mpaka kwenye Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), na kwa maoni yangu inatumalizia bando bure.

Kuna kijana pale Mwanjelwa anarekodi kwaya. Ameweka Debian, mojawapo ya aina za Linux, ndani ya mashine pepe ya QEMU, yaani kompyuta inayoigizwa na programu; kila kitu kinakwenda isipokuwa sauti. Alishapiga upya, bado kimya. "Kaka, kadi imekufa," akaniambia. Kadi ipi, mdogo wangu? Ndani ya mashine pepe hakuna kadi ya kufa, kuna programu inayojifanya kadi.

Tukaandika `lspci`, amri ya kuorodhesha vifaa vya kompyuta. Kifaa cha sauti cha Intel kikaonekana, kizima kabisa. Tukaita draiva, programu ya kuendesha kifaa hicho, kwa `modprobe snd_hda_intel`, jibu likaja kwamba moduli hiyo, yaani faili la draiva, haipo. Haikugoma, haipo! Hapo ndipo nilipomwambia aandike `uname -r`, na mwisho wa jina la kerneli, kile kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, ukasomeka `cloud-amd64`.

Kumbe ndiyo hiyo. Debian hutoa kerneli ya kawaida na nyingine iliyopunguzwa kwa ajili ya seva za kukodi, na kwenye hiyo nyepesi mambo ya sauti yameachwa nje tangu inajengwa. Nani anasikiliza muziki kwenye seva iliyofungiwa ghalani huko Ufaransa? Kijana aliichukua kwa sababu faili lake ni dogo. Mtu anayenunua bando la siku utamlaumu vipi? Walioipunguza nao siwalaumu. Ninachokilalamikia ni ule ujumbe wa `aplay`, amri ya kucheza sauti, kwamba hakuna kadi ya sauti. Ungesema hakuna draiva, mtu asingehangaika na kadi.

Kwa hiyo usitafute draiva mtandaoni. Andika `sudo apt install linux-image-amd64`, washa upya, na kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka, chagua kerneli isiyo na neno cloud. Kwenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ikiwa na kerneli nyepesi, mara nyingi unaongeza tu kifurushi cha `linux-modules-extra` cha toleo lile lile linaloonyeshwa na `uname -r`. Ikiwa bado kimya, fungua `alsamixer`, programu ya kurekebisha sauti: ukiona MM chini ya Master, sauti imezimwa tu, bonyeza M.

Ya kijana ilitoka. Ila kurekodi waimbaji ndani ya mashine pepe mimi sikubaliani nako. Sauti inapita mikono mingi, inachelewa, na mwimbaji aliyevaa hedifoni anajisikia nyuma ya kinanda. Nimemshauri Linux ya kurekodia aiweke kwenye diski yenyewe, hii ya ndani ibaki ya kuhariri.