Nilivyonasa kwenye mtumbwi Ikombe

Jamani kuna siku nimechekwa na kijiji kizima. Tulikuwa Matema, kule Kyela, Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inaposhuka mpaka unadhani itaingia majini, na kama hujafika basi zile picha za mtandaoni haziongopi, mchanga upo na maji maangavu unaona visamaki vya rangi vinapita miguuni.

Wife akataka vyungu vya Wakisi, kabila la kule linalosifika kwa ufinyanzi. Wenyeji wakatuambia Jumamosi akina mama wanavileta wenyewe sokoni Lyulilo, ni hapo hapo karibu, subirini. Mimi nikasema hapana, twendeni Ikombe wanakofinyanga, tena tusiende na boti ya injini, twende na mtumbwi wa asili, si tumekuja kutalii bwana!

Sasa mitumbwi ya kule ni gogo moja limekombwa, tumbo kubwa ila mdomo wa juu mwembamba, wenyewe wanakalia ukingo, miguu tu ndo inaingia ndani. Kijana wa mtumbwi akanambia, "Braza, kaa hapa juu." Nikaangalia mawimbi, nikaangalia ukingo, nikazama ndani na makalio yote. Niliingia kama kizibo kwenye chupa.

Njiani raha tupu, nikawa napiga selfi. Tumefika Ikombe wife kashuka, na mimi nikanyanyuka. Mtumbwi nao ukanyanyuka.

Kijana akanivuta mikono, mwenzake kashika gogo, wapi! Watoto hao, wakajaa, mmoja akakimbia kuita wengine. Akaja bibi mmoja aliyekuwa anafinyanga, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, akanizunguka akinikagua taratibu.

"Huyu kaingiaje?"

"Hata sijui bibi, nimemtoa Matema yuko hivyo hivyo."

Bibi akaagiza mawese. Kyela mawese hayakosekani, yakaja kwenye kidumu, yakamiminwa kiunoni mwangu huku na huku, wife badala ya kusaidia anarekodi, halafu wakahesabu moja, mbili, tatu, nikatoka pwaa na kuangukia majini, kaptula nyeupe imekuwa ya machungwa na nyuma imepasuka. Shangwe iliyopigwa pale, utadhani Taifa Stars wamefunga goli.

"Ungegoma kutoka," bibi akasema huku ananawa, "tungekuchoma humo humo na vyungu."

Vyungu nikanunua kwa bei aliyotaja, maana utaanzaje kuomba upunguziwe na mtu aliyekupaka mawese makalioni?

Wakati wa kurudi kijana akaniuliza kwa heshima kabisa, "Braza, unakaa juu, au tubebe mawese ya akiba?" Nikamlipa hela yake yote, nikajifunga kanga ya wife, nikadandia boti ya injini iliyokuwa inarudi Matema. Wife akapanda mtumbwi na vyungu vyake, kakaa juu ya ukingo, ananipungia mkono.