Waziri: mbeba mzigo au mwamuzi?

Mwishoni mwa 2013, viongozi wa CCM waliokuwa wakizunguka mikoani Tanzania waliwabandika baadhi ya mawaziri wa serikali yao wenyewe jina la "mawaziri mizigo". Jina lilishika, na hasira iliyokuwa nyuma yake ilieleweka. Ila lilikuwa limegeuza neno kichwa chini, maana kwa maelezo ya wanazuoni wengi wa Kiarabu, waziri ndiye anayeubeba mzigo.

Wapo wasiokubaliana na asili hiyo, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Wanasema waziri ni neno la Kiajemi. Katika Kipahlavi, Kiajemi cha kabla ya Uislamu, lilikuwapo neno linalofanana nalo sana, lenye maana ya uamuzi au hukumu. Waabbasi, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, walipojenga dola yao Baghdad waliiga mengi katika utawala wa Waajemi, na familia ya Barmaki iliyotoa mawaziri wakubwa hadi ilipoangushwa mwaka 803 ilitoka upande huohuo wa mashariki. Hata Kiswahili chetu kinawapa nguvu: serikali na diwani ni maneno ya Kiajemi. Kwa nini basi waziri asiwe mwenzao?

Tatizo ni kwamba Waajemi hawakumwita hivyo mkuu wao wa shughuli za dola. Chini ya wafalme wa Kisasani, waliotawala Uajemi kabla ya Uislamu, cheo hicho kiliitwa wuzurg framadar, yaani mtoa amri mkuu. Nalo lile neno la Kipahlavi lilitaja uamuzi wenyewe, halikuwa cheo cha mtu.

Upande wa Kiarabu una ushahidi ulio wazi zaidi. Katika sura ya Twaha ya Qur'ani, Musa anapotumwa kwa Firauni anaomba apewe waziri kutoka kwa watu wake, Haruni nduguye, amtie nguvu mgongo na amshirikishe katika kazi. Aya hizo ni za zaidi ya karne moja kabla ya Baghdad kujengwa. Kweli, Qur'ani ina maneno yenye asili ya Kiajemi, kama istabraq, hariri nzito. Kwa hiyo umri wa aya peke yake haufungi mjadala. Kinachonishawishi mimi ni picha iliyomo: mtu aliyeelemewa anaomba wa kumpokea.

Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alitaja njia tatu za kulieleza neno hili. La kwanza ni wizri, mzigo, kwa sababu waziri humbebea mtawala mizigo yake. La pili ni wazari, kimbilio, kwa sababu mtawala hukimbilia rai yake. La tatu ni azri, mgongo, kwa sababu mtawala hupata nguvu kwake kama mwili unavyopata nguvu kwa mgongo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomweka waziri kwenye kiti akingoja kuhudumiwa.

Wizri ina maana nyingine pia: dhambi. Qur'ani inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na neno lililotumika hapo ni la mzizi uleule. Mbele ya Mungu kila mtu na lake. Uwaziri ndio mahali ambapo mtu hukubali, kwa hiari na kwa kiapo, kubeba ambalo hakulitenda kwa mkono wake.

Ndiyo maana sikubaliani na utetezi unaosikika kila mara kashfa inapolipuka, kwamba waziri hakuwapo wakati mambo yanatendeka. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Wizara ya Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu. Desemba 2013, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao kwa mateso waliyofanyiwa wananchi katika Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili. Nao hawakuwa porini. Wapo waliosema wameonewa, na kwa kipimo cha mahakama huenda kweli, kwa kuwa mahakama humtafuta mtenda kosa. Uwaziri una kipimo kingine.

Mtu anaweza kusema asili ya neno haiwezi kuwa sheria, na atakuwa sahihi. Al-Mawardi mwenyewe alitofautisha waziri aliyekabidhiwa mamlaka ya kuamua kwa rai yake na yule wa kutekeleza tu, na hakuwapa wajibu sawa. Lakini Katiba ya Tanzania, ibara ya 53, haitegemei kamusi: mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja Bungeni kwa utekelezaji wa shughuli za serikali. Kwa pamoja, maana yake hata kwa yale yaliyofanyika katika wizara ya jirani.