Besi Mbili, Lakini Kuanzia Ipi?

Katika softiboli, mchezo wa jamii ya beziboli ambapo mkimbiaji hupata pointi kwa kuzunguka vituo vinavyoitwa besi hadi besi ya nyumbani, mlinzi (mchezaji wa timu inayodaka mpira) akirusha mpira ukatoka nje ya eneo la mchezo, mchezo husimama na kila mkimbiaji hupewa besi mbili. Hilo halina ubishi. Ubishi huja mwamuzi anapotaja besi ya kuanzia kuhesabu, kwa kuwa kanuni humtaka aanzie besi ya mwisho iliyoguswa na mkimbiaji wakati mpira ulipoachiwa mkononi, si wakati ulipotoka nje.

Tuseme mkimbiaji yuko besi ya kwanza na mpira umepigwa chini. Mlinzi anauokota, unamponyoka kidogo, kisha anaurusha juu ya kichwa cha mwenzake wa besi ya kwanza hadi nje. Ikiwa mkimbiaji alikwisha kukanyaga besi ya pili mpira ulipoachiwa, anapewa besi ya nyumbani na timu yake inapata pointi. Akiwa amebakiza hatua moja, anaishia ya tatu. Katika mwendo wa mita 18.29 kati ya besi na besi, hatua hiyo ni ndogo mno kuonekana kwa jicho lililokuwa likimtazama mrushaji.

Beziboli hulikwepa jambo hili kwa kiasi. Kosa kama hilo la mlinzi wa ndani, yaani anayecheza karibu na besi, likiwa tendo la kwanza baada ya mpira kupigwa, kwa kawaida huhesabiwa tangu mpira uliporushwa kwa mpigaji, na mkimbiaji wetu angepata besi ya tatu tu. Mwamuzi hupata nafuu, lakini mbio za mkimbiaji hazithaminiwi, na kwangu hiyo ni bei kubwa mno. Lawama nyingi, nadhani, zinastahili uchache wa waamuzi kuliko kanuni yenyewe: wakiwa wawili, mmoja hutazama mkono na mwingine mguu.

Mkimbiaji akizuiwa njia na mlinzi asiye na mpira, hesabu ya namna hiyo haipo. Mwamuzi hunyoosha mkono wa kushoto, huacha mchezo uendelee, kisha humpa mkimbiaji besi ambayo, kwa maoni yake, angeifikia asingezuiwa. Wapo wanaoona uhuru huo umezidi. Lakini adhabu ingekuwa besi moja siku zote, mlinzi angefaidika kwa kumzuia kwenye besi ya kwanza mpigaji ambaye mpira wake umefika kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja. Kurusha mpira nje hakumfaidishi mlinzi, ndiyo maana hesabu isiyobadilika inatosha huko na haitoshi hapa.