Ufukwe wa Nyota Moja

Mimi niliomba siku tatu tu. Sikuomba kwenda mwezini. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: miguu kwenye mchanga, macho kwenye maji, akili nimeiacha kazini kwenye droo pamoja na ile chaja mbovu. Lakini kuzipanga hizo siku tatu kumenila wiki tano, na kama kazi hiyo ingekuwa ya kulipwa, leo ningekuwa na ufukwe wangu mwenyewe na mlinzi getini.

Balaa lilianza na neno "tulivu". Mama watoto alitaka sehemu tulivu. Binti mkubwa alitaka sehemu tulivu yenye mtandao. Wa kati alitaka maji ya kina. Wa mwisho anaogopa maji hata ya kwenye beseni. Na mimi nilitaka mahali ambapo sitakutana na mtu anayenijua, maana akinijua ataniuliza habari za kazi, na mimi akiniuliza namjibu. Ndio ugonjwa wangu.

Nikaingia mtandaoni, nikaandika: fukwe zisizojulikana. Salaale! Orodha zikamwagika. "Fukwe kumi za siri." Siri gani ina ramani, namba ya meneja na picha ya mtu kalala kwenye bembea anacheka peke yake? Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hii inajulikana na kata, ndoo, pipa na mpiga picha.

Na msifikiri ni utani, ufukwe unaweza kuuawa na sifa. Kule Thailand kuna ghuba inaitwa Maya Bay. Filamu moja ya Hollywood iliyotoka mwaka 2000 ilipigwa pale, na hadithi yenyewe inahusu vijana wanaohangaika kuficha ufukwe wao wa siri watu wasiujue. Watu wakatoka sinema, wakasema ujumbe tumeuelewa, twendeni. Ikafika mahali wanashuka hadi watu 5,000 kwa siku, nanga za boti zinavunjavunja matumbawe, mpaka Juni 2018 wakapiga kufuli. Wamekuja kufungua Januari 2022. Na unajua nini kilirudi pale watu walipoondoka? Papa. Ebu fikiria. Mnyama tunayemwogopa kufa, kumbe yeye alikuwa anatukimbia sisi.

Mwaka huohuo wa 2018 Ufilipino nao wakakifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita ili kikafanyiwe usafi. Kisiwa kizima! Mimi nikitaka kusafisha chumba kimoja nyumbani sipati hata nusu saa ya watu kutoka.

Ndipo nikagundua mbinu. Na hii naitoa bure. Usisome sifa, soma malalamiko. Mahali penye nyota tano ni pa kuogopa kama foleni. Tafuta nyota moja. Nikakaa usiku nikipekua manung'uniko ya watu: "Hakuna muziki." Naam. "Hakuna cha kufanya, mwanangu alilia." Endelea. "Duka liko mbali, barabara mbovu, tulikuwa peke yetu siku nzima." Hapo nikasimama wima kitandani. Ndugu yangu, huyo alikuwa analalamika, mimi nasikia ananiimbia. Nikafungua ramani ya setilaiti, nikakuza, nikakuza, nikaona kipande cha mchanga mweupe kama ukucha uliokatwa, kimebanwa kati ya rasi mbili. Nikamwamsha mama watoto. Akaangalia kwa jicho moja, akasema, "Baba watoto, hiyo ni alama ya kidole chako kwenye kioo." Nikafuta. Haikufutika. Ilikuwa ni ufukwe.

Tarehe alichagua yeye. Alitaka tukaangalie mwezi mpevu juu ya bahari. Kumbukeni hilo, maana litaturudia.

Malazi sasa. Lugha ya wenye nyumba za wageni inahitaji kamusi yake. "Dakika tano kwa miguu kutoka ufukweni." Miguu ya nani? Ya mbuni? "Mazingira ya asili" maana yake nyasi hazijakatwa. "Chumba kinatazama bahari." Hicho nilikilipia nyongeza. Tumefika, nafungua dirisha, naona ukuta. Nahoji. Kijana wa mapokezi, mpole kweli, akaniongoza hadi bafuni, akaniambia, "Mzee, panda hapo kwenye ukingo, ushike bomba, halafu toa bega." Nikatoa bega. Na kweli, kati ya tangi la maji na kona ya paa, ilikuwepo bahari, nyembamba kama mstari wa daftari. Nikamuuliza kama bomba litanihimili. Akasema wengi wameshatazama.

Haya. Ijumaa saa nne asubuhi tukashuka ufukweni, tumebeba kama tunahama: mwavuli mkubwa, jamvi, maboya, ndoo, mpira, na begi la mama watoto ambalo ndani yake kuna kila kitu isipokuwa kile unachokiomba. Tukavuka kichaka, tukapanda kilima cha mchanga, tukafika juu.

Bahari haikuwepo.

Sisemi ilikuwa chafu, au ilikuwa na mawimbi. Nasema haikuwepo. Palikuwa na tope linalong'aa, mwani umelala chali, na mitumbwi miwili imeegemea ubavu kama imechoka maisha. Huko mbali kabisa ukikunja macho unaona kitu cheupe kinachezacheza. Wa mwisho, yule mwoga wa maji, akapiga makofi. Alikuwa amepata pepo yake.

Pembeni alikaa mzee anaziba nyavu. Shikamoo mzee. Marahaba. "Samahani, bahari iko wapi?" Mzee hakuinua uso. "Imekwenda. Itarudi saa kumi." Kama anaongelea karani wa ofisi.

Nikakaa chini anisomeshe. Akasema, mwanangu, maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kukupwa hadi kujaa ni masaa sita na dakika kidogo. Kesho usije na saa ya leo, yanachelewa kila siku karibu dakika 50, kwa kuwa yanafuata mwezi, hayafuati saa yako. Na leo yamekwenda mbali kuliko kawaida, maana ni bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, basi maji hujaa sana na hukupwa sana. "Ungekuja siku za nusu mwezi, maji mafu, ungeyakuta jirani."

Nikageuka taratibu kumtazama mama watoto na mwezi wake mpevu. Akageuka kutazama mitumbwi.

Mzee alipoona nimenuna akanifariji kwamba sisi tuna bahati. Nami baadaye nikakuta kule Kanada, Ghuba ya Fundy, tofauti ya maji kukupwa na kujaa inafika hadi mita 16. Hilo ni jengo la ghorofa tano linaondoka na kurudi kila siku bila kuaga. Haikunifariji. Ya Fundy ni ya Fundy, mimi nilikuwa na maboya matano yamejazwa upepo kwa mapafu yangu mwenyewe.

Tukasubiri. Jua likajificha nyuma ya mawingu membamba, nikasema afadhali, krimu ya jua sijipaki, hakuna jua. Usinifuate kwa hili. Ile miale haijali wingu jepesi, inapita. Tena mchanga mkavu unakurudishia kama asilimia 15 yake, na povu la mawimbi kama asilimia 25. Kwa hiyo nilipigwa pasi pande mbili. Kipara changu hadi leo kinaambuka kama rangi ya ukuta, na juu ya nyayo nimebaki na ramani ya kanda za ndala.

Binti mkubwa, kwa kukosa mtandao, akaanza kuongea na sisi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze tulijua anasoma nini. Ndiye aliyetuambia kwamba mchanga mweupe wa fukwe zenye matumbawe, sehemu yake kubwa hutoka tumboni mwa pono. Yule samaki anaguguna matumbawe, anasaga, anayatoa kwa nyuma, na pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kimya kikatanda. Wa kati, ambaye nilikuwa nimemfukia hadi shingoni, akaomba atolewe.

Saa nane upepo ukaja. Huu nao una ratiba: nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, ile baridi ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Alinieleza mzee yuleyule, huku tukiutazama mwavuli wangu ukipanda kilima cha mchanga, ukasimama kidogo kileleni kama unaaga, ukatokomea kichakani. Sikuukimbilia. Miguu ilikuwa imeshaiva.

Halafu, sijui niseme vipi, ikarudi.

Hairudi kwa kishindo. Kwanza niliona tope linameta zaidi. Kisha vijifereji vidogo vikaanza kupita kati ya mwani, kimoja kikaingia kwenye alama ya kisigino changu, kikaijaza, kikaendelea na safari. Mwani uliokuwa umelala ukasimama. Mtumbwi mmoja ukatikisika, ukajinyoosha wima wenyewe bila kuguswa na mtu. Wa mwisho alikuwa amechuchumaa anamwangalia kaa mmoja aliyejivika gamba la konokono, maji yakamfika vifundoni naye hajui. Alipojua, akanitazama. Nikajifanya sioni. Akarudi kumtazama kaa wake. Saa kumi na dakika chache ghuba nzima ilikuwa imejaa hadi mdomoni, rangi ya chupa, na ndani yake tulikuwa sisi watano na hakuna mwingine. Mama watoto akaelea chali, akasema mwezi bado haujatoka na tayari ameridhika. Hilo neno "nimeridhika" mimi sijalisikia tangu harusi.

Jumamosi nikaenda na hesabu zangu za dakika 50. Jumapili pia. Nikawa natembea na jedwali la maji kujaa na kupwa mfukoni kama nahodha.

Sasa kazi ikawa kuficha. Nikaiapisha familia yote ndani ya gari: hakuna picha, hakuna jina, akiuliza mtu tulikwenda msibani. Jumatatu jioni simu ikaita. Shemeji, kaka yake mama watoto, ambaye hasafiri mpaka asikie mwingine amekwenda wapi.

"Shemeji, dada kaniambia mlipata ufukwe mzuri."

Nikamtazama dada yake. Akainuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

"Nani? Mzuri? Shemeji, pole pole. Pale pabaya. Barabara mashimo matupu. Mtandao hakuna. Muziki hakuna. Bahari yenyewe inaondoka, nusu ya siku unatazama tope. Chumba unashika bomba ndio uone maji. Mwani unanuka. Upepo umeondoka na mwavuli wangu. Nimeungua kichwa. Na watu, shemeji, watu hakuna kabisa, mtalala njaa ya mazungumzo."

Upande wa pili kimya. Nikajua nimeshinda.

"Watu hakuna kabisa?" akauliza.

"Hata dawa."

"Na muziki hakuna?"

Nikaanza kutokwa jasho.

"Shemeji," akasema, na nikasikia anatafuta kalamu, "sisi tuko kumi na mmoja. Hebu nitajie hiyo njia yenye mashimo inaanzia wapi."