Siku 38 kati ya kiapo na mkono

Shangazi yangu wa Mombasa alituma picha kwenye kundi la familia saa tano usiku. Wanasiasa wawili wanaorushiana maneno majukwaani kila wikendi wamekaa bega kwa bega, sinia la pilau katikati yao. Chini yake pameandikwa: "Jana usiku. Wao wanakula pilau, sisi tunakula gesi ya machozi." Nikaikuza picha. Mmoja wao barakoa imemning'inia kidevuni. Kando ya chupa za maji pana kitakasa mikono, na nyuma yao turubai la hema la matanga. Basi si ya jana. Ni ya enzi za korona, tena ni msibani, ambako mtu hachagui wa kukaa naye.

Nikamwandikia: "Shikamoo shangazi. Picha ni ya kweli lakini ni ya zamani, ya matanga." Akanirudishia ujumbe wa sauti: "Marahaba mwanangu. Haya, ni ya zamani. Kwani hiyo zamani hawakula?"

Sijapata kusikia hoja dhidi ya uhakiki wa habari ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Africa Check, PesaCheck, Piga Firimbi, na JamiiCheck kwa jirani zetu wa Tanzania, kazi yao ni kutuambia picha ni ya lini na barua imetoka wapi. Lakini wakigusa uvumi wa viongozi mahasimu kuwa na uhusiano wa siri, msomaji huona wanasafisha watu. Huona hivyo kwa sababu ameshawahi kuumwa na nyoka, na jani likimgusa hushtuka.

Zanzibar, mwezi Novemba 2009, kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad alikutana na Rais Amani Karume Ikulu, na maridhiano yakaanza huku wafuasi wengi wakiwa hawana habari. Hapa Kenya, waandamanaji waliingia Bungeni tarehe 25 Juni 2024. Haukupita mwezi, wanasiasa wanne wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, wakateuliwa na Rais William Ruto kuwa mawaziri: Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi. Mtu aliyeyaona hayo akikataa kuambiwa "hakuna kitu", simlaumu hata kidogo.

Ila kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Tarehe 30 Januari 2018 Raila, kiongozi wa upinzani, aliapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Serikali ikazima vituo vikubwa vya televisheni. Tarehe 9 Machi, huyo huyo Raila akasimama nje ya Harambee House, ofisi ya Rais, akishikana mkono na Rais Uhuru Kenyatta. Ni siku 38. Siku hiyo hiyo walitoa tamko la pamoja lenye mambo tisa, na mambo tisa hayaandikwi pale ngazini. Kwa hiyo ndani ya zile siku 38, wakati sisi tukiogopa nchi inakatika vipande viwili, wazee wale walikuwa wakizungumza.

Sasa jiweke mahali pa mhakiki tarehe 5 Machi mwaka ule. Ameletewa ujumbe: Uhuru na Raila wanaongea kwa siri, na ushahidi ni hii barua. Anaichunguza barua, anakuta nembo imebandikwa na sahihi imenakiliwa kutoka barua nyingine. Aandike nini? Akiandika kwamba barua ni ya kughushi, amesema kweli, na tarehe 9 Machi bado atakuwa amesema kweli. Akiandika kwamba hawaongei, baada ya siku nne ameumbuka. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo kazi yake yote. Asilimia kubwa ya matusi anayotukanwa yanatokana na sisi kusoma sentensi ya kwanza na kusikia ya pili.

Kosa si letu peke yetu. Neno UONGO likiwekwa kwa herufi kubwa nyekundu juu ya picha, maelezo ya chini hayasomwi. Na katika nchi ambayo sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandao iliweka adhabu ya jela kwa taarifa ya uongo, neno hilo si la kuchezea. Palipo na "haijathibitishwa", paandikwe hivyo, kwa herufi kubwa zile zile.

Lakini angalia anayefaidika na barua ya kughushi. Mwanasiasa anaichukua, anaipiga muhuri mwekundu wa "feki", anaiweka kwenye ukurasa wake, na siku hiyo amemaliza. Hakuna anayemuuliza tena kama kweli alikutana na mpinzani wake, wapi, na walikubaliana nini. Swali gumu limezikwa pamoja na barua mbovu. Ndiyo maana huwa nachukia picha kama ile ya pilau hata inapomsema mtu nisiyempenda: inampa mlango wa kutokea. Mhakiki anayeiondoa njiani anaufunga mlango huo, akijua fika kwamba kwa siku mbili tatu ataitwa kibaraka.

Tarehe 7 Machi 2025 William Ruto na hayati Raila walitia sahihi makubaliano ya ushirikiano pale ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, mchana kweupe, vipengele kumi. Picha yao ya kupeana mikono ilizunguka kwenye kundi letu siku nzima, na vichekesho vyake. Hati yenyewe hakuituma mtu. Niliituma mimi jioni, nikamwomba shangazi asome pale panapotajwa haki ya kuandamana kwa amani na fidia, na pale panapotajwa ukaguzi wa deni la taifa.

Alikaa kimya kama saa nzima. Kisha ikaja sauti, ya taratibu, si ya utani kama kawaida yake: "Nimesoma, mwanangu. Hiyo fidia, wamesema italipwa lini? Na mtoto wa mama Halima, yule aliyepigwa risasi ya mguu, aandikishe jina wapi?"