Mchapishaji, Tuonyeshe Kwanza Una Vitabu Gani

Wachapishaji wetu wengi wa Dar es Salaam bado wanaamini kizuri chajiuza. Mimi naishi Tabora, na nasema hakijiuzi, kwa sababu huku hatujui hata kama kipo.

Na asije mtu akaniambia kwamba huku watu hawasomi. Mji huu una Tabora Wavulana, shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, mtu aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Una Tabora Wasichana, una Milambo, una Chuo cha Utumishi wa Umma tulichozoea kukiita Uhazili, na chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Ukiingia kwenye maduka ya steshenari, utakuta madaftari, rimu za karatasi, vitabu vya kiada na vile vya maswali na majibu. Riwaya mpya ya Kiswahili? Muuzaji atakuuliza imetungwa na nani, kisha atakwambia haijamfikia.

Jeff Bezos alipofungua duka la mtandaoni la Amazon mwaka 1995, intaneti ikiwa bado changa, alianza na vitabu. Sababu moja kubwa ni kwamba vitabu vya Marekani vilikuwa vimeshaorodheshwa kwenye kompyuta: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, na ISBN, yaani namba inayokitambulisha kila kitabu. Hakuwa na ghala la vitabu vyote hivyo. Mteja akiagiza, naye anaagiza kwa muuzaji wa jumla, kitabu kikifika anakifunga na kukituma. Mtaji wake mkubwa wa siku za mwanzo ulikuwa orodha.

Sisi orodha hiyo iko wapi? Vitabu vyetu vina ISBN, zile namba zenye 9976 au 9987 nyuma ya jalada. Mara nyingi nimeiandika namba hiyo kwenye simu, nikaitafuta mtandaoni, nikaambulia patupu. Nikienda kwenye ukurasa wa mchapishaji nakuta picha ya jalada, maua mawili matatu, na maneno "njoo inbox". Bei haipo. Idadi ya kurasa haipo. Kama kinapatikana au kimekwisha, hakuna anayesema. Kuna mchapishaji mmoja nilimpigia kwa namba iliyochapwa kwenye kitabu chake mwenyewe, na namba haikuwa ikipatikana tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi hii tunaiweza. Mwaka 1989 wachapishaji wa Kiafrika waliungana wakaanzisha African Books Collective ili vitabu vyao vifike Ulaya na Marekani. Leo wana orodha nzuri mtandaoni, na nakala huweza kuchapwa pale tu inapoagizwa. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini maana yake ni kwamba mkutubi wa London anaweza kuona ukurasa mmoja wenye kila anachohitaji kuhusu kitabu cha Mtanzania, wakati mwalimu wa Urambo anamuuliza kondakta wa basi kama anajua duka la vitabu Kariakoo.

Najua wachapishaji wanaogopa wizi. Wana haki ya kuogopa. Juzi kwenye kundi la wazazi kilirushwa kitabu kizima kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kimepinda, na kwenye pembe ya kila ukurasa kuna kidole gumba cha aliyekishika. Watu wakashukuru na kuombeana baraka. Hebu fikiria: mtu amekaa akapiga picha kurasa zote zile, na wengine wamekubali kuzisoma hivyo hivyo zilivyopinda! Hiyo ni njaa ya kusoma, na anayeilisha ni mwizi kwa sababu mwenye mali hayupo. National Academy Press, mchapishaji wa vitabu vya sayansi wa Washington, ilianza kuweka vitabu vyake mtandaoni visomwe bure katikati ya miaka ya 1990, ikaendelea kuuza vya karatasi. Siombi kitabu kizima. Wekeni sura ya kwanza, na chini yake bei na lipa namba.

Na iwe maandishi matupu, tafadhali. Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, ilijengwa juu ya maandishi ya kawaida tu, na mafaili hayo hufunguka hata kwenye simu ya bei rahisi. Mkijaza picha nzito na video, bando la mwanafunzi linakwisha kabla hajafika aya ya pili.

Kuhusu usafirishaji, kikwazo ni nauli. Kutuma kitabu kimoja kwa basi kutoka Dar kunaweza kuongeza bei mpaka mtu akaghairi. Kwa hiyo kusanyeni oda za wiki nzima, mfunge boksi moja, mlitume kwa wakala mmoja Tabora, mwenye steshenari yake tayari, mumpe kamisheni ya kueleweka. Hapa ni njia panda ya reli: moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza, na ile ya Mpanda inachepuka Kaliua. Wakala wa Tabora anaweza kuwafikia watu wa Nzega, Sikonge na Kaliua ambao mchapishaji hajawahi kuwauzia hata nakala moja. Ila bei ya kuchukulia Tabora iandikwe kwenye orodha pamoja na nauli yake, mtu asishtukizwe akiwa ameshalipa.

Mkianza, msianze na kitabu kipya mnachokizindua hotelini. Anzeni na vile vya zamani vilivyobaki stoo. Walimu wa Kiswahili huku wanaulizana kila mara nani ana nakala ya tamthilia fulani au diwani fulani waliyoisoma wakiwa wanafunzi, na wengi wanadhani havichapwi tena. Mtu wa stoo apewe siku chache, daftari na simu, ahesabu kilichopo rafu kwa rafu, aandike majina na bei. Orodha hiyo hata ikiwa ya ukurasa mmoja, itumeni. Sisi tutaisambaza wenyewe.