Ile safu ya "aina ya ulemavu"

Shule zimefunguliwa, hata wiki haijaisha, na orodha tayari inazunguka. Ofisi ya elimu inataka idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum kabla ya saa nane mchana. Mwalimu mkuu anaitupa kazi kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu, na kufikia adhuhuri faili ya Excel ina kila kitu: jina kamili, namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, halafu ile safu ya mwisho. Kifafa. Usonji. "Akili." Ndiyo, kuna anayeandika "akili" tu, kisha anarudi kwenye chai yake.

Kikundi chenyewe bado kina walimu wa mazoezi waliomaliza muda wao mwaka jana na hakuna aliyekumbuka kuwatoa. Faili ikishafunguliwa inabaki kwenye simu, na simu za nyumbani mnajua zinavyopita mikono. Kuifuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na nusu hivi, na nakala ambayo mtu ameshaituma kwingine haiguswi. Asiye na kompyuta anakimbia saiba ya intaneti pale Kondele, Kisumu, kuichapisha, na faili inabaki kwenye kompyuta ya watu ikimsubiri mteja anayefuata.

Hivi, ofisi iliomba nini? Idadi! Basi wapeni idadi: gredi, wavulana wangapi, wasichana wangapi. Na hapo pia mtumie akili, kwa sababu kwenye shule ndogo "Gredi 4, msichana 1, kifafa" ni sawa na kumtaja jina. Unganisheni gredi za chini pamoja. Panapohitajika mtoto mmoja mmoja, kama kwenye mfumo wa wizara au maombi ya KNEC (baraza la mitihani) ya mtahiniwa anayehitaji karatasi ya maandishi makubwa, aingize mwalimu mmoja aliyepewa kazi hiyo, moja kwa moja kwenye mfumo, bila kupitia kikundi. Na jamani, kuificha safu kwenye Excel si kuifuta. Anayepokea anabonyeza mara mbili na yote yako wazi. Tengenezeni faili mpya isiyo na safu hiyo kabisa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha tu! (Wanasiasa wanaopiga picha na kila kiti cha magurudumu wanachogawa, tutawarudia siku nyingine.)

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna ambayo mwalimu wa darasa lazima ayajue. Mtoto mwenye kifafa akianguka darasani, hakuna muda wa kutafuta faili. Lakini anachohitaji mwalimu huyo ni nusu ukurasa: mlaze kwa ubavu, ondoa madawati yaliyo karibu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, ikipita dakika tano hospitali, mpigie mzazi. Kwa mwenye uoni hafifu: mstari wa mbele, mbali na mwanga wa dirisha, soma kwa sauti unachoandika ubaoni. Hakuna pahali mwalimu wa hesabu anahitaji kujua jina la dawa au alama za tathmini ya EARC, kituo kinachowapima watoto wenye mahitaji maalum. Ripoti hiyo ikae kwenye kabati lenye kufuli, na anayeifungua aandike jina lake, tarehe na sababu kwenye daftari. Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha miaka.

Halafu kuna lile la mkutano wa wazazi. Mkutano unakaribia kwisha, watu wameshika mifuko, na kipaza sauti kinatangaza: "Wazazi wa watoto wenye shida wabaki nyuma." Ukumbi mzima unageuka kutazama nani hajasimama. Shule inataka saini ya idhini, sawa, lakini mzazi huyo ana simu, na namba yake mnayo. Si imo kwenye ile orodha?